Viti Viwili

Kila asubuhi kwa miaka mitatu Wambua alikuwa akiifuta gari ile, mpaka akaijua injini yake kwa mngurumo. Viti vyake hakuwahi kuvihesabu.

Sasa ilisimama kando ya barabara mtaani Silanga, paa wazi, riboni kwenye boneti. Bosi ambaye Wambua humlindia geti ndiye aliyewaazima kwa ajili ya harusi. Ilikuwa na viti viwili, nao walikuwa watatu: dereva wa bosi, bi harusi, na yeye baba mtu, anayepaswa kumfikisha binti yake kanisani Kawangware saa nne.

"Mzee, utakaa kwa boneti?" dereva akauliza.

Majirani walicheka. Wambua alivua kofia, akajifuta jasho.

"Nipee funguo," binti yake akamwambia dereva.

Alitoa leseni nyuma ya kava ya simu. Dereva akaisoma mara mbili, akampigia bosi, na bosi akacheka mpaka majirani wakamsikia.

Bi harusi akapokea funguo, akavua viatu. Unyayo wenye kucha nyekundu ukakanyaga klachi taratibu, kama uliozoea. Injini ikanguruma.

"Umejifunzia wapi?" Wambua akauliza, akifunga mkanda.

"Ile kozi ya keki uliyonilipia, Baba. Sikuenda."

Wambua akaifikiria keki ya orofa tatu iliyowangoja ukumbini, ambayo wiki nzima aliwaringia walinzi wenzake kwamba msichana wake ameioka mwenyewe.

"Na keki ya leo?"

Binti yake akatia gia.

"Shika kofia, Baba."