Kodi ya Kina Kimoja

Hebu niambie, umewahi kuamriwa uzame, halafu ukaambiwa hiyo ndiyo haki?

Bwawa la wanyama lilipobomoka, Ngedere msomi akapewa kazi ya kupanga kodi ya kulitengeneza. Akapanda mgongoni kwa Kiboko, akachomeka kijiti majini. "Kila mmoja atabeba bonge la udongo hadi hapa. Kina ni kimoja kwa wote."

"Fair is fair!" Kiboko akacheka. Maji yalikuwa yamemfika magotini tu.

"Bwana mkubwa," Kuchakuro, mnyama mdogo jamaa ya kindi, akamwambia Ngedere, "maji ya magoti ya mzee huyu mimi yananifunika masikio."

"Dada, sheria ni moja," Ngedere akamjibu. " Acha drama."

Kuchakuro akaingia na bonge lake. Hatua chache tu, ukabaki mkia juu ya maji. Ngedere akaruka kumwokoa, na maji yakamfika puani. Tangu asubuhi hakuwa amelowesha hata kidole.

Walipotoka, Kuchakuro alikohoa tu, hakumlaumu. Ngedere akashindwa kumtazama. Digrii yote ile, na kimo chake mwenyewe hakukijua!

Basi nyinyi wapanga kodi, shukeni mgongoni kwa Kiboko. Mpimieni kila mmoja kwa kimo chake, na huyo mrefu ndiye aende kilindini. Leo, kabla mkia mwingine haujazama.