Mizani ya Shemeji

Ti.

Mlio mdogo, kama wa saa ya mkononi, ulitoka jikoni kukiwa bado giza. Ukanyamaza. Halafu tena: ti.

Virgil Stamper alishuka ngazi na soksi miguuni. Kabla hajafika mlangoni alishajua ni nini, na mdomo wake ulishaanza kujipinda upande mmoja.

Garland, kaka wa mke wake, alikuwa ameinama mezani chini ya taa. Mbele yake kulikuwa na mizani ya umeme, ile ya kupimia dawa, aliyoileta kutoka duka lake la dawa Lexington ikiwa imefungwa kwa taulo kama kitoto kichanga. Pembeni vilisimama vichupa vitatu vya plastiki. Alikuwa akidondosha baruti kwa kijiko, kidogo kidogo.

"Nani mgonjwa?" Virgil aliuliza.

"Umeamkaje, shemeji."

"Nauliza nani mgonjwa. Au kulungu wa Kentucky siku hizi wanaandikiwa dawa? Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula?"

Garland alicheka kwa adabu, kama alivyocheka miaka yote kumi na tano tangu dada yake aolewe. Mikono yake ilikuwa laini, kucha safi. Virgil, ambaye kiwanda cha mbao kilimwachia vidole tisa, hakuwahi kuitazama mikono ile bila kusikia kinyaa.

"Baba alipima kwa mizani maisha yake yote," Garland akasema.

Hilo lilikuwa kweli. Marehemu Mzee Combs aliwaachia watoto wake magobore mawili yaliyofanana kama mapacha. Moja la Garland. La pili la dada yake, na leo lingebebwa na Retta, binti wa Virgil mwenye miaka kumi na mitatu, kwa mara ya kwanza. Lakini mzee alitumia baruti nyeusi ya kale, ambayo uipime kwa mizani au kwa kikombe, ni mamoja. Hii ya sasa ni baruti mbadala, nayo ni nyepesi. Ukitaka kipimo cha themanini unajaza kikombe mpaka alama ya themanini, basi. Ukiilazimisha mizani isome themanini, umeshatia zaidi ya mia na kumi. Na mitutu ile ya zamani iligongwa muhuri: isizidi tisini.

Mkebe wenyewe ulisema hivyo kwa herufi nyekundu: pima kwa ujazo, si kwa uzito. Garland alikuwa ameugeuzia uso ukutani.

"Vichupa vya Retta ulivyojaza jana, ulipimia nini?" Garland aliuliza.

"Kikombe cha shaba cha babu yangu. Hakihitaji betri."

Garland akainua kichupa kimoja kwenye mwanga.

"Ila shemeji, nikuulize. Naona imejaa mno, imefika shingoni kabisa. Themanini si ni themanini? Au kuna kitu sikijui?"

Alimtazama Virgil usoni, akasubiri. Sentensi moja tu ingetosha.

Virgil alijimiminia kahawa. Aliwaza bega lile lisilowahi kubeba gogo, lirushwe nyuma na gobore mpaka limkalishe kwenye matope. Aliwaza jinsi atakavyolisimulia kiwandani Jumatatu. Kwamba mtutu wa zamani unaweza pia kupasuka karibu na jicho la mtu, hilo alilisukuma kando.

"Msomi ni wewe," alisema. "Mimi mpasua mbao nitajua nini?"

"Nauliza kwa nia njema."

"Na mimi nakujibu kwa nia njema. Pima, daktari."

Akapanda juu kumwamsha Retta.

Walikula vimkate laini vya moto na mchuzi wa soseji, wakavaa fulana zao za kuwindia za rangi ya machungwa zilizokuwa zimetundikwa karibu na mlango, vichupa vikiwa mifukoni, wakatoka. Penye mti ulioanguka waliachana. Garland aliteremka peke yake kuelekea kijito, akipunga mkono bila kugeuka. Virgil na binti yake walipanda mgongo wa kilima.

"Pakia," Virgil alinong'ona walipokaa.

Hakumwangalia. Alimfundisha vizuri, na masikio yake yalikuwa kule chini kijitoni. Alisikia kichupa kikifunguliwa, kisha mdeki ukishuka ndani ya mtutu ukishindilia risasi. Alisikia fataki ikibanwa mahali pake.

Kulianza kupambazuka. Baridi iliuma. Virgil alisubiri, na kusubiri kwenyewe kulimfurahisha.

Bunduki ya Garland ililia.

Ulikuwa mlio wa kawaida kabisa, mzito na uliotulia. Moshi ulipanda juu ya miti, mweupe, wa kiasi. Kidogo baadaye akamsikia Garland akipiga mluzi huko chini, mluzi wa mtu mzima wa afya aliyekosa shabaha na wala hajali.

Kulungu dume alichomoza kutoka bondeni akikimbia, akasimama mbele yao hatua arobaini, ubavu wazi. Retta alivuta mtambo. Akalaza shavu lake kwenye kitako cha bunduki, kidole kikaingia mahali pake.

Virgil bado alikuwa akitazama ule moshi.

"Ajabu," alinong'ona kwa kinyongo. "Na mizani yake ile. Ilibidi imng'oe bega."

Retta hakuinua shavu. Alisema kwa sauti, bila kunong'ona, "Baba, mjomba alichukua yeye vichupa ulivyopima wewe, akanipa mimi vyake, kwa sababu alitaka mimi ndiye nipate vilivyo sawa."