Fundo la Ansom

Siku hizi chakula cha marehemu hakiingii hekaluni mpaka mashine ya Hifadhi, inayokagua mila, ikubali, nayo inajua namna moja tu ya kila kitu cha Kikhmer. Bibi Sokhom alikuwa amemfungia marehemu mama yake ansom nne za wali wa kunata, nyama ya nguruwe na choroko, ndani ya majani ya mgomba. Fundo aliliweka kulia, kama alivyofundishwa kwao kabla ya vita kuwakimbiza.

"Si ya Kikhmer," mashine ikasema.

"Unamwambia nani wewe!" Bibi akafoka.

Mjukuu wake Maly akacheka. "Yeay, bibi yangu, fundo ni kushoto bwana. Hata shuleni tunajua. Ona."

Akamfungulia kwenye mashine picha ya mfano, ile inayoigwa na Wakhmer wote wa ugenini. Mikono ilikuwa ikifunga fundo kushoto, kidole gumba kimezungushiwa kitambaa cha maua.

Bibi akakijua kitambaa chake.

"Ni mimi huyo! Siku waliyonipiga picha nilikuwa nimejikata kwa kisu, nikashindwa kufunga kulia. Nilikosea, mjukuu wangu. Mama alifunga hivi..."

Akashika kamba, mikono ikasita. Mama alimfundisha wakiwa wamekaa wakitazamana. Sasa kulia kule kulikuwa kwa mama, au kwake?

"Lete nikusaidie, Yeay."

Maly akazifunga upya zote nne, kushoto, mashine ikakubali. Bibi akabaki na kamba mkononi, akijiuliza mama angelitambua fundo lipi.