Hosta ya Mwisho

Jumanne, 14 Mei 2024. Mvua ilinyesha usiku, na asubuhi hapa Mamboleo ilikuwa ya mawingu na baridi kidogo.

Nilikuwa nikifagia chini ya mparachichi wa kanisa, mahali nilipopanda hosta tano, mimea midogo ipendayo kivuli. Nne zilikuwa zimekufa, ingawa niliziombea kila siku.

Wanawake wa maombi wakafika. "Mama Nelima, hata hii ya mwisho inaenda kwa Bwana," mmoja akacheka. "Ng'oa, tupande kunde."

Nikainama niing'oe. Mizizi yake myeupe ilikuwa nje ya udongo, imechubuka. Pembeni mwa ukuta, ambako ufagio wangu haufiki, majani makavu yalikuwa yamerundikana. Nikayafunua. Udongo chini yake ulikuwa mweusi, laini, wenye unyevu.

Kumbe ni mimi. Kila asubuhi nilifagia majani na udongo pamoja.

Nikachota majani kwa mikono miwili, nikaifunika ile mizizi.

"Unaleta takataka kanisani? Wewe, mtu wa usafi?"

"Ndiyo," nikasema, wote wakasikia. "Mbele za Mungu na mbele yenu, hapa sifagii tena. Hata askofu akija Jumapili."