Sufuria ya Jirani

Kimbunga kilipopita, mtaa mzima wa ufukweni ulibaki na msiba. Desturi ya pale ni kwamba nyumba iliyofiwa haiwashi moto. Majirani ndio hupika na kuwapelekea wafiwa chakula. Safari hii jirani naye alikuwa amefiwa, na jirani wa jirani pia. Majiko yakabaki baridi, watoto wakalia njaa.

Mwanahamisi, aliyemzika mama yake jana, aliyatazama maharage ya msaada hadi akachoka kuyatazama. Akainuka, akaokota mbao za mlango wake uliovunjika, akawasha moto.

"Mama, si tumefiwa?" bintiye aliuliza.

"Hiki si chetu. Ni cha Bi Kibibi, amefiwa na mjukuu."

Jioni alibeba sufuria akatoka. Penye ukuta ulioanguka kati ya nyumba zao alikutana na Bi Kibibi, naye ana sufuria mkononi.

"Pole, mwanangu."

"Nishapoa. Pole nawe, Bibi."

Wakabadilishana, kila mmoja akarudi kwake. Mwanahamisi alifunua sufuria. Yalikuwa maharage yale yale ya msaada.

"Haya, kuleni," aliwaambia wanawe. "Tumepikiwa."