Bibi Mmoja wa Mji Huu

Tabitha alikuwa ameandika mashairi ya vita vya uhuru kwa miaka tisa. Sasa, miguu ikimuuma, alisimama kwa mchapaji akiusoma ukurasa wa kwanza wa kitabu chake, uliokwisha kupangwa kwa herufi za madini ya risasi: "Kimetungwa na Bibi Mmoja wa Mji Huu."

"Weka jina langu, Bwana Ezra."

"Mama, wanawake wenye heshima hawaweki majina yao vitabuni. Watu watamcheka mumeo."

"Yuko kaburini. Hatawasikia."

"Basi watakucheka wewe."

"Na wacheke. Nimechoka kuwa bibi mmoja."

Ezra alishusha pumzi, akayang'oa maneno yale, akamsogezea kisanduku cha herufi. Tabitha aliokota herufi ya kwanza ya jina lake, akaishika kiganjani. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani.