Picha Kabla ya Gari la Oicha

Lenzi iligoma katikati ya mzunguko. Papa Jéthro aliibana kwa kiganja na kuizungusha kushoto, haikwenda. Akairudisha kulia, nako ikakataa. Ilikuwa imekwama nusu njia, haijafunga wala haijafunguka, na ukichungulia ndani ya kamera uliona ukungu mtupu.

“Iko nini, papa?” aliuliza mama aliyekuja kupigwa picha.

“Adapta, mama. Inashika kidogo. Mukae tu.”

Kosa lilikuwa lake, naye alilijua. Lenzi zake mbili zilikuwa za kamera ya zamani, ile ya filamu; kwenye hii mpya hazikai bila pete ya chuma katikati, ndiyo hiyo adapta. Asubuhi ile ilikuwa imefungwa lenzi ndefu, ile ya kuvuta uso mmoja karibu. Lakini mama huyu alipoingia studio na watoto wake wawili, akasema wapigwe wote watatu, Jéthro alikimbilia lenzi fupi, ambayo humeza familia nzima hata katika chumba kidogo kama chake. Haraka hiyo ndiyo iliyoikwamisha ile ndefu.

Na saa zilikuwa zinakwenda. Gari la Oicha lilitoka saa sita, na saa tano ilikuwa imekwisha kupita. Miezi minane, tangu wakimbie wauaji kule Oicha, mama alikuwa amelala na watoto sebuleni kwa shemeji yake, hapa mtaani Mususa. Sasa kakao ilikuwa imeiva kule kwao, na shamba lisilo na mtu huvunwa na wengine.

“Siwezi kupanda gari bila hizi picha,” alikuwa amesema tangu mlangoni. “Na gari ingine ni siku ya ine. Kakao haitatungojea.”

Jéthro alikata ukanda wa mpira wa baiskeli, akauzungushia lenzi ili mkono usiteleze, akakaza meno. Wapi. Akachovya sindano katika mafuta ya cherehani, akadondosha tone moja kwenye ufa. Wapi. Huku akihangaika aliongea, kama alivyozoea kuongea na kila aliyekaa kwenye kile kiti, ili nyuso zisikauke.

“Weye kijana, jina yako nani?”

“Kambere.”

“Kambere. Donc kuko Paluku mbele yako.” Kwa Wanande, kabila lao, hilo halina haja ya kuulizwa: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambere.

“Kuko,” mama alijibu kabla mtoto hajafungua kinywa.

“Na yeye hapana kuja? Anaogopa sura yake?”

“Alibakia Oicha.”

“Ni vizuri. Mukubwa njo analindaka shamba.”

Mama alimgeukia binti yake, Kahindo, akamfunga kifungo cha juu cha shati jeupe. Akakifungua. Akakifunga tena.

“Papa,” Kahindo alisema, “kwa jirani banapigaka picha na telefone. Yenyewe haikwamake.”

“Enda basi kwa jirani. Utatoka na pua ya mbuzi.”

Msichana alicheka, akaziba kinywa kwa mkono. Mama alitazama saa ya ukutani.

Ndipo Jéthro aliposogea dirishani, akainamisha kamera kwenye mwanga, akaona. Skurubu moja ya adapta, ndogo kama chembe ya ulezi, ilikuwa imetoka kwenye tundu lake na kuuzuia ulimi unaofunga lenzi. Alichukua wembe, akaupenyeza polepole kati ya chuma na chuma, akausukuma ule ulimi kwa ndani, huku pumzi ameibana. Lenzi ilizunguka na kuangukia kiganjani mwake. Aliikaza skurubu, akafunga lenzi fupi, akafuta jasho kwa mkono wa shati. Ilibaki robo saa.

“Njo hivi. Sasa mama katikati, batoto huku na huku. Musogeleane, hamujagombana.”

“Hapana, papa. Kila mutu na yake.”

“Mais ulisema wote.”

“Wote, kila mutu na yake. Kichwa na mabega.”

Jéthro aliitazama ile lenzi ndefu juu ya meza, ile aliyotoka jasho kuiondoa. Aliirudisha kwenye kamera, nayo ikaingia mara moja bila ubishi.

Kambere alikaa wa kwanza, kisha Kahindo. Kwa kila mmoja mama alisimama kando ya kamera akasema maneno yale yale, kwa sauti ya chini: “Uangalie batu muzuri.” Zamu yake ilipofika, Kahindo ndiye aliyemwambia hivyo.

“Hizi ni za carte ya kitambulisho?” Jéthro aliuliza akiwasha mashine ya kuchapa. “Nitawakatia ndogo ndogo, ine ine.”

“Hapana. Kubwa, za kuweka mu cadre ya kioo. Mutu aishike na mikono mbili, na benye kuwa nyuma nao baone.”

Nje, mwenye pikipiki aliyewangoja ili awafikishe kwenye gari alipiga honi. Kambere alijitwika furushi la nguo. Kahindo alibeba sufuria na mkeka.

“Na chini niandike nini, mama?”

“Jina. Siku ya kuzaliwa.” Mama alikuwa anafunga vizuri kitambaa cha kichwa. “Kisha weka musalaba, na mbele ya musalaba uache nafasi. Paluku tulimuzika bila picha. Siku yetu ikifika, mwenye atabakia ataiandika na bic.”